Burudani Isiyokula Fedha: Mchezo wa Bao

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni burudani ya mtu ambaye mfuko wake umekauka.

Siku za dhiki si ngeni katika nchi zetu. Baada ya mwaka 1929 bei ya mkonge na kahawa ilianguka, na wafanya kazi wengi wakarudi makwao mikono mitupu. Hata leo, mvua ikikosa au bei ya sukari na mafuta ikipanda, watu husema, "Kwanza chakula, michezo tutaiona baadaye." Maneno hayo yana haki, lakini hayakutimia. Mtu akitoka jasho mchana kutwa, na jioni hana la kumchangamsha, moyo wake hautulii. Ataitafuta furaha hata kwa deni.

Tulikuwa na jirani mmoja, seremala hodari. Kazi ilipopungua alianza kwenda kilabuni kila jioni. Si kwa kiu ya pombe, bali kwa kuwa huko ndiko waliko watu na mazungumzo. Karo ya mtoto ikaishia huko, na mtoto akarudishwa nyumbani. Hatukumhubiria. Tulimwomba atuchongee bao, tuliweke barazani kwetu. Alilichonga kwa kipande cha mti kilichobaki katika kazi yake, na jioni ile ile akaketi kulicheza. Wenzake wakamfuata, na mazungumzo yakahamia barazani. Muhula uliofuata mtoto alikuwa darasani. Hatusemi kwamba bao peke yake ndilo lililomwokoa. Twasema lilimpa mahali pa kwenda pasipo gharama.

Basi bao ni kitu gani? Ni ubao wenye mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete zake ni 64, na watu wa pwani hutumia komwe, yaani mbegu za mkomwe. Asiye na komwe na aokote vijiwe au kokwa. Asiye na ubao na achimbe mashimo mchangani chini ya mwembe. Hapana duka hapo, wala hapana bei.

Anayejifunza huanza hivi. Tia kete mbili katika kila shimo. Zamu yako ikifika, chota kete za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, uzigawe moja moja katika mashimo yanayofuata, ukizunguka safu zako mbili tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzako. Ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolikabili lina kete pia, utakula: utazichota zile kete zake na kuzigawa upande wako, ukianzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele. Anayemalizwa kete za safu ya mbele, au asiye na la kucheza, ameshindwa. Mafundi huanza kwa namna nyingine: kila mmoja hupanga kete 10 ubaoni na kushika 22 mkononi. Hayo mtafundishwa na wazee, nao watafurahi kuulizwa.

Wanafunzi, msidhani kwamba huo ni mchezo wa kupoteza wakati. Kabla ya kushika kete, hapana budi ujue ya mwisho itaangukia wapi, na mwenzako atajibu nini. Hiyo ni hesabu isiyotaka daftari. Hayati Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, aliupenda mchezo huu, naye alikuwa mwalimu kama sisi.

Usiku nao una burudani yake. Mama au bibi akisema "Kitendawili!", watoto hujibu "Tega!" Anayeshindwa kutegua hutoa mji, na hivyo mtoto hujifunza majina ya miji akiwa anacheka. Taa ya kusomea haihitajiwi. Mwanga wa mwezi watosha.

Twawaonya mambo mawili tu. Msicheze kwa fedha, maana bao la kamari huirudisha ile hasara tuliyoikimbia. Tena msiketi barazani hali jembe limelala. Kazi kwanza, bao jioni.

Wahenga walisema, akili ni mali. Kesho jioni chimbeni mashimo 32, mkamwite jirani ambaye siku hizi hamumwoni. Huenda hakosi chakula tu. Huenda amekosa na mtu wa kucheka naye. Kwaherini.