Kusimamisha Kazi za Chinichini katika Kiendeshi cha Mtandao

Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imeenea katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako modemu za USB huchomekwa na kuchomolewa bila mtumiaji kujua kinachotendeka ndani ya kompyuta. Katika mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kila kifaa huhudumiwa na kiendeshi, yaani programu inayounganisha kifaa na kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo.

Kazi zinazoweza kungoja, kama kukagua mara kwa mara iwapo mawasiliano bado yapo, kiendeshi huziweka kwenye foleni ili kerneli izitekeleze baadaye, chinichini. Modemu inapochomolewa, kiendeshi huachilia sehemu ya kumbukumbu kiliyokuwa kikiitumia. Ikiwa kazi moja imesahauliwa kwenye foleni, itaamka na kugusa kumbukumbu ambayo huenda imekwisha kupewa programu nyingine, na hapo mfumo wote unaweza kukwama au mdukuzi akapata mwanya.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua ndio msingi wa usalama, sawa na feri ya Likoni inayopelekwa matengenezoni: kwanza lango hufungwa, kisha waliomo hushuka wote, ndipo chombo kiondolewe. Kiendeshi nacho huzima kwanza kila chanzo cha kazi mpya, zikiwemo saa za ndani na ishara za kifaa. Kisha huita cancel_work_sync, agizo linalofuta kazi iliyo foleni na kusubiri ile iliyokwisha kuanza hadi imalizike. Mwisho huachilia kumbukumbu. Hata hivyo, anayesubiri hapaswi kushikilia kufuli (kizuio kinachomruhusu mmoja tu kutumia data kwa wakati mmoja) ambalo kazi hiyo inalihitaji, kwa kuwa pande zote mbili zitangojana milele.

Toleo la Linux 6.10, lililotoka mwaka 2024, liliongeza agizo la disable_work_sync, ambalo baada ya kufuta kazi huizuia pia isirudishwe foleni. Lakini agizo halimsaidii asiyelitumia, na kosa la kusahau kazi kwenye foleni hutegemea sadfa ya wakati, hivyo laweza kupita majaribio mengi bila kuonekana. Mwandishi wa kiendeshi anayeongeza kazi kwenye foleni na aandike papo hapo namna itakavyosimamishwa.