Miaka ya Kununua

Pensheni ya mtumishi wa umma, pale inapotolewa kama ahadi ya kulipwa hadi kufa, hupatikana kwa kuzidisha namba tatu: miaka ya utumishi, mshahara wa mwishoni mwa kazi, na asilimia ambayo sheria imeiweka kwa kila mwaka. Watanzania huiita hesabu hii kikokotoo, na tangu mifuko ya watumishi ilipounganishwa mwaka 2018 wameibishania bungeni, redioni na vijiweni. Kanuni yao ya 1/580 kwa kila mwezi wa utumishi, ukiigeuza kuwa ya mwaka, ni kama asilimia 2.07. Katika jimbo la California, Marekani, mfuko wa CalPERS, ambao mizizi yake ni ya mwaka 1932, umekuwa na kanuni maarufu ya asilimia 2 kwa kila mwaka kwa anayestaafu akiwa na umri wa miaka 55.

Kwa hiyo mtumishi wa Dodoma na mwenzake wa Sacramento wakikaa kupiga hesabu wataelewana bila taabu. Watakapoachana ni kwenye namba ya kwanza. Mshahara hupangwa na mwajiri, asilimia hupangwa na bunge, lakini miaka ya utumishi tumezoea kuiachia kalenda: umefanya kazi miaka 25, una miaka 25. California, kuanzia 2004 hadi mwisho wa 2012, iliruhusu namba hiyo inunuliwe. Sura hii inaeleza biashara hiyo: ni nini hasa kilichouzwa, bei yake ilipatikanaje, na kwa nini jimbo liliifunga.

Mwaka uliofanyiwa kazi na mwaka usiofanyiwa

Kununua utumishi si jambo geni Marekani. Mifuko mingi ya watumishi wa umma humruhusu mwanachama kulipia vipindi ambavyo kweli alifanya kazi, ila haviko kwenye hesabu yake. Wa kwanza ni yule aliyeacha kazi, akachukua michango yake, kisha akarudi baada ya miaka. Akirejesha alichochukua pamoja na riba, hurudishiwa miaka yake. Mara nyingi huu ndio ununuzi ulio nafuu, kwani alipoondoka alibeba michango yake tu. Ya mwajiri ilibaki kwenye mfuko.

Wa pili ni askari. Aliyetumikia jeshi la Marekani kisha akaajiriwa na serikali ya shirikisho chini ya mfumo wa pensheni uitwao FERS anaweza kuingiza miaka ya jeshini kwa kulipa, kwa kawaida, asilimia 3 ya mshahara wa msingi aliopata huko. Chukua aliyetumikia miaka minne na kupokea jumla ya dola 80,000. Atalipa dola 2,400, na riba juu yake akichelewa. Akistaafu na wastani wa mshahara wa dola 100,000 kwa mwaka, ile miaka minne, kwa kanuni ya asilimia 1, itamwongezea dola 4,000 kila mwaka wa uhai wake. Fedha yake inarudi kabla ya miezi minane. Bei hiyo haikukusudiwa kufikia gharama halisi. Ni namna ya taifa kuwashukuru askari wake, na iliwekwa kwenye sheria ikijulikana kwamba hazina ndiyo itakayojazia. Mhamiaji wa Kenya au wa Kongo aliyepitia jeshi hilo kabla ya kuajiriwa posta au kwenye hospitali ya maveterani hana sababu ya kuichelewesha fomu hiyo.

Aina ya tatu ni tofauti kwa asili. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya kodi na kuruhusu mifuko ya watumishi wa umma imuuzie mwanachama hadi miaka mitano isiyo na kazi yoyote nyuma yake, mradi awe ameshiriki kwenye mfuko kwa walau miaka mitano. Mwaka 2001 njia ililainishwa zaidi: mtumishi akaweza kuhamisha fedha kutoka baadhi ya akaunti zake za akiba ya uzeeni hadi kwenye mfuko bila kukatwa kodi wakati wa kuhamisha. California ilipitisha sheria yake mwaka 2003, na mauzo yakaanza Januari 2004. Watumishi wenyewe waliipa bidhaa hiyo jina ambalo kwetu lingekuwa miaka hewa, nasi tutaiita hivyo.

Sheria ilimtaka mnunuzi wa miaka hewa alipe gharama yote, sehemu ya mtumishi na sehemu ya mwajiri. Kwa maandishi, hakuna aliyepaswa kuumia. Ili kuona hitilafu ilipojificha, lazima tuingie jikoni, mahali bei inapopikwa.

Bei ya ahadi

Tuchukue karani wa mfano mwenye umri wa miaka 55. Ana miaka 25 ya kazi na mshahara wa dola 6,000 kwa mwezi. Asilimia 2 mara 25 ni nusu ya mshahara: dola 3,000 kwa mwezi. Akinunua miaka mitano inakuwa 30, yaani asilimia 60: dola 3,600. Tofauti ni dola 600 kwa mwezi, au 7,200 kwa mwaka. Hicho ndicho alichonunua. Hakuna siku hata moja iliyoongezwa kwenye maisha yake ya kazi. Ameuziwa ahadi ya dola 7,200 kila mwaka hadi atakapofariki.

Bei ya ahadi kama hiyo hukadiriwa na watakwimu bima. Kwanza wanakisia ataishi muda gani. Tuseme miaka 25 baada ya kustaafu, na kwa urahisi tuache nyongeza za kufidia mfumuko wa bei. Jumla ni dola 180,000, lakini hakuna mwenye akili atakayelipa kiasi hicho leo, kwa sababu mfuko utazizalisha fedha zake kwa muda wote huo. Swali sahihi ni hili: kiasi gani kikiwekezwa leo kitaweza kutoa dola 7,200 kila mwaka kwa miaka 25, kisha kiishe?

Jibu linategemea faida ambayo mfuko unatarajia kuipata. Ukitarajia asilimia 7.75 kwa mwaka, kiwango ambacho CalPERS ilikitumia kwa miaka mingi hadi 2012, unahitaji takribani dola 78,500. Ukitarajia asilimia 7, unahitaji 83,900. Ukitarajia asilimia 5, inakuwa 101,500. Karani ni yuleyule na ahadi ni ileile. Kilichobadilika ni matumaini ya muuzaji.

Na matumaini yalibadilika kweli. Katika mwaka wa fedha wa 2008–09, masoko yalipoanguka, uwekezaji wa CalPERS ulipata hasara ya karibu robo. Machi 2012 bodi yake ilishusha kiwango cha faida inayotarajiwa hadi asilimia 7.5. Desemba 2016 iliamua kukishusha kwa hatua hadi 7, na mwaka 2021 kikafika 6.8. Kila kinaposhushwa, mfuko unakiri kwamba ahadi ulizokwisha kutoa ni ghali kuliko ulivyodhani. Lakini aliyenunua kwa bei ya asilimia 7.75 haitwi kuongeza hata senti. Bei yake ilifungwa siku aliyouziwa. Pengo linamwangukia mwajiri, ambaye ni mji, wilaya au jimbo, na nyuma yake wapo walipa kodi.

Ni haki kusema kwamba upande wa pili nao upo. Mfuko ukipata zaidi ya makadirio, mwajiri hupumua. Ila mnunuzi hayumo kwenye kamari hiyo kwa upande wowote: amepata uhakika, wakati bei aliyolipa ilikokotolewa kana kwamba faida ya masoko yenyewe ni uhakika. Kampuni ya bima ikimuuzia karani huyo ahadi ileile hufanya hesabu kwa kiwango kilicho karibu na riba ya hatifungani, kwa sababu hasara ikitokea ni yake. Kwa hiyo bei yake huwa kubwa zaidi. Miaka hewa iliuzwa kama uwekezaji wenye matumaini makubwa, ikalipwa kama deni lisilokwepeka.

Mnunuzi anajijua kuliko kikokotoo

Tatizo la pili ni la wastani. Mtakwimu bima anajua watumishi wa umri fulani huishi miaka mingapi kwa wastani, huongezwa mshahara kwa kasi gani, na hustaafu lini. Hajui yupi kati yao ana wazazi waliofikisha miaka 95, yupi keshanong'onezwa kwamba cheo kinakuja, na yupi ana mpango wa kuondoka siku ileile sheria itakapomruhusu. Mnunuzi anayajua hayo yote. Ukiuza bima ya moto kwa bei moja kwa mtaa mzima, wa kwanza kwenye foleni ni aliyekwisha kunusa moshi.

Mfano ulio wazi ni wa askari wa zimamoto. Wengi wao walikuwa na kanuni ya asilimia 3 kwa kila mwaka wakistaafu na miaka 50. Miaka mitano hewa kwa kanuni hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wa mwishoni, si ya mshahara wa siku ya kununua. Aliyenunua akiwa askari wa kawaida na kustaafu akiwa mkuu wa kikosi alipata asilimia 15 ya mshahara wa mkuu, ilhali bei ilidhani mshahara wake ungepanda kwa mwendo wa kawaida. Akistaafu mapema kuliko wenzake, alilipwa kwa miaka mingi zaidi pia.

Wapo waliopata hasara. Aliyefariki mapema, au aliyenunua kisha akaacha kazi kabla ya kustaafu, aliifaidi ahadi kidogo kuliko alivyoilipia. Lakini hasara ya mmoja haikutosha kuziba faida ya wengine, kwa kuwa wanaojishuku afya hawajitokezi kununua kwa wingi sawa na wanaojiamini.

Mlango wafungwa

Tarehe 12 Septemba 2012 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria ya mageuzi ya pensheni. Kuanzia 1 Januari 2013 miaka hewa haikuuzwa tena, hata kwa watumishi walioajiriwa zamani. Waliokwisha kutuma maombi kabla ya tarehe hiyo waliheshimiwa.

Chama cha askari wa zimamoto wa jimbo, Cal Fire Local 2881, kilikwenda mahakamani. Hoja yake haikuwa ya kubeza. Tangu hukumu ya mwaka 1955 katika kesi ya Allen dhidi ya mji wa Long Beach, sheria ya California imekuwa ikisema kwamba haki za pensheni alizonazo mtumishi haziwezi kupunguzwa bila kufidiwa kwa manufaa yanayolingana nazo. Wanachama wa chama waliajiriwa au walifanya kazi wakati sheria inawapa nafasi ya kununua. Basi nafasi hiyo ni haki yao.

Tarehe 4 Machi 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa kwa kauli moja, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Tani Cantil-Sakauye. Pensheni, ilisema, ni ujira ulioahirishwa: hukua kadiri mtu anavyofanya kazi. Nafasi ya kununua miaka haikui hivyo. Mwenye miaka sita kazini na mwenye miaka 26 walikuwa na nafasi ileile. Inafanana na bima na huduma nyingine ambazo mwajiri huwapa watumishi nafasi ya kujiunga nazo, na ambazo anaweza kuzibadilisha. Kuhusu kanuni pana ya mwaka 1955, mahakama ilisema kesi hii haihitaji kuigusa.

Hukumu hiyo inampa msomaji kipimo cha kupimia mafao yoyote. Kilichokuja kwa jasho ni mshahara, na mshahara haunyang'anywi. Kilichouzwa ni bidhaa, na muuzaji ana ruhusa ya kufunga duka.

Kabla ya kulipa

Vipindi vya kazi halisi bado vinanunuliwa California na katika majimbo mengine. Anayefikiria kununua aulize kwanza bei imetokana na nini: michango ambayo ingekatwa wakati ule pamoja na riba, au thamani kamili ya ahadi kwa leo? Ya kwanza mara nyingi ni nafuu. Kisha aulize miaka hiyo inahesabika wapi. Miaka hewa ya California, kwa mfano, iliongeza kiasi cha pensheni, lakini haikumsaidia mtu kutimiza miaka ya chini ya kustahili kustaafu wala matibabu ya wastaafu. Aulize pia mwenzi wake atapata nini yeye akifariki, na pensheni inaongezwa kiasi gani bei za vitu zinapopanda.

Mwisho apime fedha zake. Karani wetu, angeziweka dola zake 78,500 benki kwa riba ya asilimia 3 na kuchukua 7,200 kila mwaka, zingemfikisha umri wa miaka 68 hivi. Akiishi zaidi ya hapo, kununua kumemlipa. Ila fedha ya benki angeweza kuichota siku mtoto anapougua. Iliyoingia kwenye ahadi hairudi kwa mkupuo.

Kwa mtunga sheria, swali ni jingine: makadirio yakikosea, nani analipa? Miaka ya jeshi nayo inagharimu walipa kodi, tena kwa kila dola ya mnunuzi inawagharimu zaidi kuliko miaka hewa. Lakini pale mzigo ulijulikana, ukabebwa kwa makusudi. Kwa miaka hewa, sheria iliandika kwamba hakuna mzigo, na waajiri wa California wataendelea kuubeba hadi mnunuzi wa mwisho na mjane wake watakapoacha kulipwa.