Subaru ya klachi au otomatiki? Toa leseni kwanza

Umelisikia likinguruma kabla hujaliona. Jioni mjini Kitale, Subaru Impreza WRX STI ya buluu inapita, na wewe tayari unahesabu akiba yako. Vijiweni, kuanzia hapo hadi Bungoma, ubishi haukomi: utanunua la klachi au la otomatiki?

Kusema kweli, STI nyingi hazikupi nafasi ya kuchagua. Zilitengenezwa kwa gia sita za mkono. Ya otomatiki, A-Line, ilitoka Japani mwaka 2009. Ukitaka tabo (si mji wa Turbo, tafadhali) bila klachi, pengine utaangukia Forester XT.

Sasa shika barabara. Umepita Kiminini, unakaribia Kamukuywa, mbele yako trekta la miwa linajikokota. Hapa klachi ina raha yake: unarudi gia ya tatu mapema, tabo inaamka, na nguvu unayo kabla hujachomoka. Otomatiki za zamani za gia nne husita ukikanyaga ghafla. Ukiwa upande usio wako na lori linakuja, kusita huko si mchezo.

Lakini asikudanganye mtu kwamba otomatiki zote ni goigoi. Golf GTI yenye DSG ina klachi mbili ndani. Gia inayofuata huwa imeshaandaliwa, hivyo hubadilisha haraka kuliko mkono wako, hata ujigambe vipi.

Ukifika Webuye na kukunja kuelekea Bungoma, unakutana na malori ya Malaba. Siku ya foleni, mguu wa kushoto utalia. Binamu yangu alikuwa na mazoea ya kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Miezi miwili tu, klachi kwisha. Kumbe jamaa alikuwa na leseni ya B1, ya otomatiki pekee! Alinunua la klachi ili wenzake wasimcheke.

Kwa hivyo toa leseni yako uisome. Gia za mkono zinataka B2. Kama huna, rudi shule ya udereva kabla ya kutuma pesa popote.

Mimi ningechukua klachi. Ila siku ya kulikagua, lipandishe mlima kwa gia ya nne na ukanyage mafuta. Enjini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Teremsha bei, au mrudishie mwenyewe ufunguo.