Lundo la lami kuukuu linahitaji paa

Mashine yenye meno ya chuma inapokwangua barabara iliyochoka, kinachomwagwa kwenye lori wengi hukiita kifusi. Kipime. Katika kila tani ya lami hiyo kuukuu, takriban kilo 950 ni kokoto na mchanga; 50 zilizobaki ni bitumini, ule mnato mweusi wa petroli unaoyashika mawe. Hizo 50 ndizo mali. Kokoto huenda ukazipata machimbo ya jirani, ila bitumini Tanzania na Kenya huiagiza ng'ambo. Mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopaa, Marekani nao walianza kuikusanya lami yao ya zamani kwa bidii.

Kwa hiyo kila tani inayorudi barabarani huuacha mlima bila kupasuliwa na hupunguza hewa ukaa inayotokana na kusafisha mafuta. Lakini nikifika kwenye mtambo wa lami, mimi hutazama kwanza lundo lililo uani, maana faida huanza kuvuja pale.

Lundo likinyeshewa hunywa maji. Tani yenye unyevu wa asilimia 5 ina kilo 50 za maji, na kuyageuza yote kuwa mvuke kunataka joto linalokaribia lile la kuyapasha mawe yenyewe kutoka nyuzi 25 hadi 160. Yaani karibu nusu ya mafuta yanaungua ili kukausha mvua! Paa la mabati na sakafu yenye mteremko vingeliokoa joto hilo, na bado malundo mengi hulala wazi masika nzima.

Tena lami kuukuu haikutanishwi na ndimi za moto. Bitumini yake itaungua na moshi wa buluu utawafikia majirani. Hupashwa kokoto mpya kupita kiasi, kisha zikachanganywa nayo ziigawie joto. Ya zamani ikiwa nyingi na imelowa, mpya hazitoshi kuipasha.

Umri nao una lake. Bitumini iliyopigwa na jua na hewa miaka mingi hukakamaa. Ukiizidisha bila kilainishi, barabara hupasuka mapema, na kuijenga upya kunaila akiba yote.

Kwa tabaka za chini ipo njia ninayoipenda zaidi. Mwaka 1956, Profesa Ladis Csanyi wa Iowa alipitisha mvuke kwenye bitumini ya moto ikafanya povu. Baadaye huko Australia wakatumia maji baridi badala ya mvuke. Povu hilo huvimba mara kumi au zaidi, likazishika chembe ndogo za lami iliyosagwa ambayo haikukaushwa wala kupashwa. Hapo unyevu wa lundo, uliokula mafuta kwenye mtambo wa moto, unatakiwa uwepo kwa kipimo ili mchanganyiko ushindilike vizuri.