Somo la Leo: Kulinda Daftari Lisigeuzwe Ovyo

Leo tutajifunza namna ya kulinda daftari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Wakaweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani na wenzake wakaeneza vyama vya ushirika, na mwaka 1955 muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ukaundwa hapa Mwanza. Lakini mizani ya haki peke yake haitoshi. Kilo zikiisha kupimwa huandikwa, na yaliyoandikwa yaweza kugeuzwa.

Chukua mfano. Mzigo wa pamba una hali tatu: UMEPOKEWA, UMEPIMWA, UMELIPWA. Kila neno ni halali. Je, mzigo waweza kuruka kutoka UMEPOKEWA hadi UMELIPWA? Hapana. Utalipwaje nao kilo zake hazijulikani? Na ukiisha kulipwa, hauwezi kurudi kuwa UMEPOKEWA, kwa maana utalipwa tena. Basi haitoshi kuuliza, "Neno hili ni halali?" Uliza pia, "Mwanzo ulikuwaje? Sasa unataka kuwaje? Hatua hiyo imeruhusiwa?"

Karani mwema wa daftari la karatasi hafuti. Hupiga mstari mmoja juu ya tarakimu yenye kosa, ili ya zamani isomeke. Kisha huandika mpya, akatia sahihi na tarehe.

Kompyuta haina alama ya mstari. Ukibadili kilo 85 kuwa 58, ile 85 hupotea, isipokuwa programu imeamriwa kuitunza. Kwa hiyo mtengenezaji huiamuru: kabla ya kuhifadhi, soma hali ya zamani, ilinganishe na mpya, na hatua isiyoruhusiwa ikatae, umweleze karani sababu.

Iko hatari nyingine. Makarani wawili wakisoma UMEPIMWA kwa wakati mmoja, kila mmoja aweza kulipa. Ndiyo sababu kukagua na kuhifadhi lazima viwe tendo moja: wa kwanza akiisha kuandika, wa pili akute UMELIPWA, akataliwe.

Nawe, ndugu mkulima, tunza stakabadhi yako na kuisoma. Tarakimu zikihitilafiana na za daftari, uliza: nani amebadili, lini, na kutoka ngapi hadi ngapi?

Swali la kujadili darasani: katika chama chenu, ni nani aruhusiwe kusahihisha kilo zilizokwisha kulipwa, na mbele ya shahidi gani?