Wenye Mwiba Uani (Sehemu ya Pili): Nyuki wa Mwembeni na Nyigu wa Barazani

Sehemu ya kwanza ilihusu siafu, ambao silaha yao ni taya. Leo ni zamu ya wenye mwiba, na naanza na lile ninaloliona kubwa kuliko yote: kabla ya kushika fimbo au kiberiti, mtambue mdudu uliye naye.

Yule mwenye kiuno chembamba anayejenga vifuko vya udongo ukutani huishi peke yake. Ndani ya vifuko ameweka buibui aliowapoozesha, chakula cha watoto wake. Hana kundi la kulilinda, na ni nadra amchome mtu. Mwacheni. Nyigu wanaoning'iniza sega chini ya paa la baraza ni wengine: mwiba wao haunasi, basi mmoja huchoma mara nyingi. Sega likiwa bado changa, liangusheni usiku kwa ufito mrefu.

Nyuki wanahitaji maelezo marefu zaidi. Kundi likitua tawini likaning'inia, liko safarini. Skauti wake wanatafuta makao, na mara nyingi huondoka baada ya saa chache au siku mbili tatu. Kuwarushia mawe ni kuwaita vitani. Lakini wakishaingia kwenye uwazi wa mwembe mkongwe au katikati ya dari na bati, wakaweka watoto na asali, hapo wana mali ya kutetea. Nyuki wa Afrika wameishi na binadamu na nyegere wanaowaibia tangu zamani, ndiyo maana ni wepesi wa hasira. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka malkia wao Brazili. Mwaka uliofuata makundi 26 yaliponyoka, na kizazi chao kikaenea hadi Marekani kikiwa na ukali uleule.

Nyuki akichoma, mwiba hubaki mwilini pamoja na kifuko cha sumu, na hapo hutoka harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake. Kwa hiyo usisimame ukiwapigapiga. Funika uso, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba, funga mlango. Usijitose mtoni, watakungoja juu ya maji. Mwiba uondoe upesi, kwa ukucha au kwa vidole. Kuchelewa kunadhuru kuliko namna ya kuung'oa.

Kuwaondoa ni kazi ya mrina asali, giza likishaingia. Moshi huficha ile harufu ya hatari, na nyuki hukimbilia kujishibisha asali. Petroli na moto ni jambo jingine kabisa: paa la nyasi halingoji, na sumu humwagikia asali. Kabla mrina hajaanza, wafungueni mbuzi na muwapeleke mbali, maana mnyama aliyefungwa kambani hana pa kukimbilia. Uwazi nao uzibwe kwa udongo baada ya masega yote kutolewa, la sivyo harufu ya nta italeta kundi jingine.

Wataalamu wa sumu hukadiria kwamba miiba kama 20 kwa kila kilo ya uzito yaweza kuua hata mtu asiye na mzio. Mtoto wa kilo 15 hufikia hapo kwa miiba 300 tu. Aliyechomwa sana apelekwe hospitali hata akijisikia vizuri, kwani figo huweza kuharibika siku za baadaye. Mwenye mzio, mwiba mmoja unatosha: midomo huvimba, pumzi hubana, mwili huishiwa nguvu. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani, mara moja. Mji wetu wa Kasongo, huku Kongo, ulijulikana duniani miaka ya 1970 kwa mtandao wa vituo vya afya uliojengwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp; basi kila mwenye nyumba aende kituo cha jirani amwulize mwuguzi, leo, kama adrenalini ipo kabatini.