Mfadhili Asiwe Hakimu

Mshambuliaji tegemeo wa timu ya mtaa pale Mikumi hajaonekana mazoezini wiki nzima. Ni dereva wa bodaboda, na wiki hii abiria wa kwenda Kidodi na Ruaha hawakatiki. Jumapili kuna mechi ugenini, Kilosa mjini. Kocha anasema hachezi. Mfadhili wa timu, ambaye ndiye aliyenunua jezi na ndiye aliyekodi Coaster ya safari, anasema anacheza. Mwenyekiti anaangalia chini. Mchezaji anacheza, anafunga, timu inashinda, na mazoezi ya Jumatatu yanahudhuriwa na watu saba.

Kisa hiki ni cha mfano, hakina klabu yake, ila sidhani kama yupo kiongozi wa soka la ridhaa wilayani Kilosa atakayekisoma asione sura anazozijua. Wengi hukimaliza kwa kusema vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Sikubaliani nao. Huyu kijana ana pikipiki ya mkataba na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni. Angekuja mazoezini saa kumi, hesabu ingelipwa na nani? Kilichoharibu timu ni kwamba watu watatu walikuwa na kauli juu ya jambo moja, na hapakuwa na karatasi iliyosema kauli ya nani ndiyo ya mwisho.

Klabu ya kulipwa ina mshahara wa kukata na mkataba wa kuvunja. Klabu ya ridhaa haina hata kimoja. Mchezaji akichukia, anachukua njumu zake na kuhamia timu ya mtaa wa pili, na huko atapokewa kwa shangwe. Nguvu pekee iliyonayo klabu ya namna hii ni makubaliano ya wanachama wake, na mahali pa kuyaweka makubaliano hayo ni katiba. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu inayotaka kutambulika hupita kwa msajili ikiwa na katiba mkononi. Tunalijua linalofuata: katiba hunakiliwa kutoka klabu nyingine, jina likabadilishwa, ikapigwa mhuri, ikafungiwa kabatini. Klabu za Mikumi zina kisingizio cha ziada, maana makao makuu ya wilaya yako Kilosa, mwendo wa kilomita 70 hivi, na kwenda na kurudi kufuata karatasi ni kazi ya siku nzima. Lakini kusoma katiba iliyokwisha kuandikwa hakuhitaji nauli.

Mkiifungua, tafuteni jambo moja tu: nani anatoa adhabu. Katika klabu nyingi utakuta kocha ndiye anayemshtaki mchezaji, ndiye anayemhukumu, na ndiye anayepanga kikosi. Hata akiwa mtu mwadilifu kiasi gani, aliyekatwa jina ataamini amekatwa kwa chuki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Sisemi kocha anayemweka mtu benchi amevunja Katiba ya nchi. Kupanga kikosi ni kazi yake na hadaiwi maelezo. Ila akimfungia mtu mechi tatu, hapo amehukumu, na hukumu ina taratibu zake.

Taratibu zenyewe si nzito. Kamati ya watu watatu inatosha: mchezaji wa zamani anayeheshimika, mzazi au mwalimu wa eneo, na mjumbe mmoja wa uongozi. Kocha anakuja mbele yao kama mlalamikaji au shahidi, kisha anatoka nje. Mchezaji anaambiwa kosa lake kabla ya kikao ili asije kushtukizwa, anasikilizwa, na uamuzi unaandikwa na kusomwa kabla kikosi hakijabandikwa. Asiporidhika anakwenda kwa kamati ya utendaji. Kikao kizima kinaweza kumalizika chini ya mwembe kwa nusu saa. Mfadhili haketi kwenye kamati hiyo. Nalisema hili nikijua litawaudhi watu, kwa sababu mfadhili wa timu ya kata si tajiri wa mbali. Ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ni mwenye gesti ya barabarani, ni diwani, na fedha anazotoa ni jasho lake. Apewe heshima, apewe kiti cha mbele, asomewe hesabu za fedha yake hadi senti ya mwisho. Lakini akianza kusamehe makosa na kuadhibu watu, timu inageuka mali yake, na siku akihama au akishindwa uchaguzi, inakufa.

Turudi kwa dereva wetu wa bodaboda. Kamati ingemuuliza swali moja: ulitoa taarifa? Wilaya hii ina watu wa vibarua vya kila namna. Kuna wakata miwa wa Ruhembe na Kidodi ambao msimu ukianza hawana Jumamosi, kuna wakulima ambao masika ikiingia wako shambani tangu alfajiri, kuna waliokuja na ujenzi wa reli ya SGR wakahama kazi ilipokwisha. Kuwawekea kanuni ya mazoezi siku tano kwa wiki ni kuandika kanuni itakayovunjwa na wote, na kanuni inayovunjwa na wote huishia kutumika kwa yule tu asiyependwa. Kanuni inayowafaa ni hii: utoro ni kutokuja bila kusema. Aliyetuma ujumbe kwenye grupu kabla ya saa sita mchana ana udhuru; asiyetuma ni mtoro. Mwenye udhuru anaweza asianze Jumapili kwa kuwa hana mazoezi ya kutosha, na huo ni uamuzi wa kiufundi wa kocha. Mtoro anakosa mechi, na hiyo ni adhabu. Mambo hayo mawili yakichanganywa ndipo ugomvi unapoanza.

Kuhusu aina ya adhabu, nina msimamo. Faini za shilingi elfu mbili tatu sizipendi, maana mwenye nazo anazilipa huku akicheka na asiye nazo anaacha mpira. Lipo kosa jingine ambalo wengi hawalioni: kumwadhibu mchezaji kwa kumfulisha jezi, kumbebesha mipira au kumchoresha mistari ya uwanja kwa chokaa. Inaonekana busara, haigharimu kitu na inafundisha kazi. Lakini yupo mzee anayezifua jezi hizo kila wiki kwa mapenzi yake, bila malipo. Siku mtakapoifanya kazi yake kuwa adhabu ya watoro, mmemwambia mbele ya timu nzima kuwa anachokifanya ni kazi ya waliokosa. Msishangae akirudisha beseni. Adhabu ya mcheza mpira iwe kukosa mpira, basi.

Kwa makosa ya uwanjani, kiwango kipo tayari na hakuna haja ya kubuni. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaweka chini kabisa mechi 3 kwa anayempiga mwenzake ngumi au teke, na mechi 15 au muda unaolingana na kosa kwa anayemshambulia mwamuzi. Raga, mchezo ambao hapa nchini umechezwa zaidi Arusha na Dar es Salaam na haujapata mizizi Kilosa, ni mkali zaidi katika hilo la mwisho: anayemdhuru mwamuzi kwa makusudi huanzia kifungo cha wiki 24, hata kama kosa limehesabiwa la daraja la chini. Ukali huo una sababu. Refa wa mechi za kata mara nyingi ni mwalimu au kijana wa chama cha waamuzi anayelipwa posho ndogo na nauli. Akipigwa mara moja, wilaya imempoteza, na hakuna ligi bila refa.

Raga inatukopesha na jambo jingine. Kadi ya njano kule humtoa mchezaji nje kwa dakika 10, timu inabaki pungufu, kisha anarudi akili ikiwa imetulia. Tangu 2017 sheria za soka zinaruhusu kutoka kwa muda namna hiyo katika ngazi za chini, za vijana na za maveterani. Chama cha soka cha Uingereza kilijaribu katika ligi 31 za ridhaa kwa kosa la kumlalamikia refa, malalamiko yakapungua kwa asilimia 38, na msimu wa 2019/20 utaratibu ukaenezwa kwenye ligi zote za ngazi hizo. Waandaaji wa makombe ya mbuzi na ya madiwani wangeweza kulijaribu hili wakishirikiana na chama cha soka cha wilaya. Ni adhabu inayoumiza papo hapo, haidai kikao wala faili.

Kwa watoto hali ni tofauti, na hapa sina mzaha. Timu nyingi za mtaani zina wachezaji wa miaka 14 au 15 waliong'ara kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Wapo makocha wanaowarusha kichura hadi magoti yanatetemeka, na wapo wanaoshika fimbo. Hata shuleni, ambako viboko bado vinaruhusiwa, kanuni za mwaka 2002 zinasema atoe mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye, visizidi vinne, na viandikwe katika daftari. Kocha wa kujitolea hana mamlaka hata ya kiboko kimoja, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza kumtendea mtoto ukatili. Mtoto aliyekosea azungumzwe naye mzazi wake akiwapo. Kocha asibaki peke yake chumbani na mtoto, asisafiri naye wawili tu, na timu ya wasichana iwe na kiongozi mwanamke anayelala walipolala.

Sasa kwa wanaojitolea wenyewe. Tukisema nidhamu tunawatazama wachezaji, ilhali makosa yanayoigharimu klabu zaidi hufanyika nje ya mstari. Machi 2025 mchezo wa Simba na Yanga uliahirishwa baada ya Simba kulalamika kwamba siku moja kabla walizuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, na wakawataja makomandoo, yaani walinzi, wa Yanga. Mchezo huo ulikuja kuchezwa Juni 25. Haijalishi unamwamini nani. Tazama ukubwa wa gharama iliyotokana na watu ambao kazi yao haikuwa kucheza. Mwaka 2022 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Yanga, alifungiwa miaka 2 na kutozwa faini ya shilingi milioni 20 na kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF). Yeye hakugusa mpira.

Katika timu ya Mikumi mambo ni madogo ila mzizi ni ule ule: mtu amejitokeza kusaidia, akapewa cheo bila kuambiwa mipaka ya cheo. Meneja anaanza kupanga kikosi. Mshabiki mwenye gari anaanza kusajili mamluki wa mechi moja, ambao hawajui kanuni za klabu na hawana sababu ya kuziheshimu. Dawa ni ukurasa mmoja kwa kila nafasi: anafanya nini, hafanyi nini, anaripoti kwa nani, muda wake unaisha lini. Tena mrudishieni aliyejitolea nauli na vocha aliyotumia kwa ajili ya klabu. Huko si kumlipa. Ni kuacha kumla. Na akishika mali, iwe jezi au mipira, isainiwe anapopokea na anapokabidhi.

Nafasi inayodharauliwa kuliko zote ni ya katibu. Katika ligi, timu iliyomchezesha mwenye adhabu inaweza kupokonywa ushindi na mpinzani kupewa mabao 3-0. Anayejua kwamba beki wenu wa kushoto anatumikia kadi nyekundu ya wiki iliyopita si kocha, ambaye kichwa chake kimejaa mbinu, bali katibu mwenye daftari la jina, tarehe, rangi ya kadi na mechi aliyokosa. Klabu inayotafuta mshambuliaji mpya huku haina katibu wa kuandika kadi imekosea hesabu.

Kabla ligi ya wilaya haijaanza, itisheni kikao kimoja. Toeni katiba kabatini, muisome kwa sauti wachezaji wakiwapo, mchague watatu wa kamati ya nidhamu na mmoja wa kushika daftari la kadi. Mfadhili akiwapo kikaoni, mwambieni siku hiyo hiyo, kwa adabu na mbele ya wote, kwamba yeye si mmoja wa hao watatu.